Shangazi Alinikataza Kumfumba Macho Majivu

Wasomaji wenzangu, mnisamehe kwa mwandiko huu wa kupindapinda na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la nne, na mkono wangu ni mzito. Lakini moyo umejaa... nifanyeje?

Umri wangu ni miaka kumi na saba. Kwetu ni Kichiwa, ila wazazi wamekwisha kufariki, na vijana wa rika langu wamekwenda kwenye mkonge. Mimi nilichukuliwa na shangazi yangu hapa Makambako, anayewapikia madereva wa malori.

Mimi ni mtu wa haya. Aliyenisikiliza alikuwa mmoja tu... paka wetu wa kijivu, Majivu! Shangazi alimfuga kwa ajili ya panya wa ghalani. Mimi nilimpenda tu.

Siku moja alirudi akiburuta mguu wa nyuma, waya wa mtego umezama mpaka mfupani. Shangazi akasema nikamtupe. Nikamtia kikapuni, nikaomba kupanda lori la Njombe.

"Bwana Paka!" dereva akanidhihaki. "Na huyo mgonjwa wako, nauli atalipa kwa panya?"

Watu wakacheka. Nikatazama chini.

Kule Njombe daktari wa mifugo alimwekea puani pamba yenye dawa ya usingizi, akaukata mguu ule wa kushoto. Majivu alilala fofofo, lakini macho yalibaki wazi! Nilidhani amekufa.

Daktari akanieleza kwamba paka akilazwa kwa dawa hapepesi macho, na machozi yake hupungua sana. Hata akiamka, machozi huchelewa kurudi. Macho yakikaa makavu hupata vidonda. Akanipa marhamu, akanionyesha jinsi ya kuyafumba kwa vidole, taratibu. Nimpake mpaka kesho yake, nimweke mbali na upepo na moshi.

Nilimfunika kwa shati langu njia nzima. Nilitetemeka kwa baridi kule juu ya lori, lakini sijapata kufurahi hivyo. Alikuwa hai!

Tulipofika nyumbani alikuwa bado amelewa dawa. Nikampaka marhamu, nikayafumba macho yake. Shangazi akauacha mwiko chunguni.

"We mtoto! Unamfumba nani macho?"

"Shangazi, daktari kasema..."

"Daktari hajazika kwetu! Baba yako nilimfumba macho kwa mkono huu. Anayefumbwa macho ni maiti. Unaita nini nyumbani mwangu?"

Akaninyang'anya marhamu, akaitupa motoni. Kisha, kwa huruma yake, akamlaza Majivu karibu na mafiga apate joto. Kwenye moshi! Macho wazi!

Maneno ya daktari nilikuwa nayo yote kichwani. Lakini ningempingaje aliyenipa pa kulala? Nikanyamaza...

Asubuhi macho yale yalikuwa na ukungu, naye akiyakuna kwa kucha. Nikamrudisha Njombe. Daktari akatikisa kichwa. Vidonda vilikwisha kuchimba. Majivu alikuwa kipofu!

Akajifunza kunifuata kwa sauti. Basi mimi nisiyesema nikawa nasema kutwa: nipo hapa, nafagia, nipo mlangoni... Madereva walinicheka, sikujali.

Lakini panya walijaa ghalani, wakatoboa magunia. Shangazi alikuwa akiyatazama yale matundu, kisha ananitazama mimi.

Siku moja nilirudi kutoka kutafuta kuni, nikamwita. Kimya. Nikaita tena... Shangazi akasema bila kugeuka, "Nimempa dereva wa Iringa. Paka asiyeona panya ni mdomo tu."

"Atamshusha wapi, Shangazi?"

"Nitajuaje? Popote atakapoona nyumba."

Lo! Kidonda cha mguu kilipona, macho yakaharibika, na kwa sababu ya macho nimempoteza yeye mwenyewe!

Ndugu zangu, mnyama wako akilazwa kwa dawa, yaangalie macho yake. Tia marhamu, uyafumbe, wala usiogope. Hayo si mambo ya maiti, ni ya aliye hai. Na ukipewa neno na mwenye kulijua, liseme hata kama sauti inatetemeka. Mimi sikulisema, na sasa nyumba hii imekuwa kimya kuliko zamani.

Nawe ukaaye kando ya barabara ya Iringa, kama umeona paka wa kijivu, kipofu, asiye na mguu wa nyuma wa kushoto, tafadhali niandikie kupitia gazeti hili. Hata kama umemkuta amekufa, niandikie. Na kama yu hai, usimnyamazie... sema naye neno lolote. Atakuja.