Picha Chini ya Leso

Kila jioni, kitabu cha shule kikitoka mkobani, Rumaisa huingia chini ya meza. Ana miaka minane.

"Toka huko, mwanangu," mama yake, Zainab, humwambia. "Kitabu hakiumi."

Kwa Rumaisa, kinauma. Ijumaa angesoma mbele ya mwalimu. Akishindwa, angerudishwa gredi ya pili, darasa la mdogo wake, Hafiz.

"Karibu kwetu, dada!" Hafiz alimtania. "Nimekuwekea nafasi kwa deski."

Zainab naye aliogopa. Alidhani dawa ni picha. Alinunua vitabu vitano mjini, kila ukurasa umejaa rangi. Jumatatu jioni, nyumbani kwao mtaani Mountain View, alimtoa mtoto chini ya meza.

"Mbwa... anakunywa... maji," Rumaisa alisoma.

Zainab alichungulia. Mbwa mkubwa alichorwa akinywa maji. Lakini maandishi yalisema: "Mbuzi amelala kivulini."

"Yarabi! Hujasoma hata neno moja!"

Rumaisa alilia hadi jirani akabisha hodi. Alikuwa Carolyne, anayefundisha watoto kusoma katika maktaba.

"Mama Rumaisa, kuna nini? Nimeacha chapati kwa jiko!"

Zainab alimweleza. Carolyne aliketi sakafuni.

"Rumaisa, ulianza kuangalia wapi?"

"Kwa picha. Maneno yananitisha."

"Na madrasa, ukisoma juzuu?"

"Huko hakuna picha. Nafuata herufi kwa kijiti."

"Basi lete hicho kijiti!"

Kisha akamgeukia Zainab. "Picha si adui. Humpa mtoto hamu, humsaidia kuelewa. Lakini anayehangaika kusoma, macho yake huruka kwa picha, yakaacha neno. Picha ikijaa vitu ambavyo hadithi haivitaji, anapotea kabisa. Itazameni kwanza, muongee. Halafu ifunike, asome. Akimaliza, funua, muone kama picha na maneno vinalingana."

"Na akisoma polepole?"

"Polepole si aibu, mama. Kubahatisha ndiko kunakomwibia maneno."

Zainab alifunika picha kwa pindo la leso yake.

"M-bu-zi. Mbuzi a-me-la-la..." Rumaisa alikwama. Hakuwa na picha ya kukimbilia. Kijiti kikasogea. "Ki-vu-li-ni. Kivulini!"

Wakafunua.

"Yupo, mama! Mdogo, huku chini ya mti!"

Walifanya hivyo kila jioni. Ijumaa ikafika. Mwalimu alifungua ukurasa wenye picha kubwa ya soko. Rumaisa aliitazama, kisha akaiwekea kiganja.

"Mbona unaificha?"

"Nitaifungua nikimaliza, mwalimu."

Alisoma mistari minne. Alikosea maneno mawili, akarudi akayasahihisha mwenyewe. Mwalimu alifunga kitabu.

"Kaa chini," mwalimu alisema. "Hapa hapa, gredi ya tatu."

Jioni, Rumaisa aliketi juu ya kiti kando ya mama, kitabu mbele yake.

"Dada," Hafiz aliuliza, "na ile nafasi niliyokuwekea?"

"Weka mkoba wako hapo," Rumaisa alijibu, akavuta pindo la leso ya mama juu ya picha.