Friji Iliyozimwa Mchana

Asubuhi nyumbani kwetu ni mbio. Watoto wanatafuta soksi, baba watoto anatafuta funguo, mimi nafunga vyakula. Kabla ya kutoka namchoma mama mkwe sindano ya insulini, maana ana kisukari. Dawa hiyo tunaiweka kwenye friji.

Friji yetu ilikuwa inakula umeme. Baba watoto akaleta plagi janja. Unaichomeka ukutani, kisha unachomeka friji juu yake. Simu inakuonyesha umeme unaotumika, tena unaweza kupanga saa za kuwasha na kuzima.

"Mchana hakuna anayefungua friji," alisema. "Izime saa mbili asubuhi, iwake saa kumi jioni."

"Na vilivyomo?"

"Ubaridi unabaki ndani. Wewe kwa wasiwasi hujambo!"

Nikamwacha apange saa zake. Laiti ningebisha.

Baada ya wiki mbili mama mkwe akawa anakunywa maji bila kukoma. Miguu ikamwisha nguvu. Nikamuuliza, "Mama, unalamba sukari kwa siri?"

"Mwanangu, chai yako yenyewe ni maji ya moto tu. Sukari nitaitoa wapi?"

Nikampeleka zahanati. Nesi alipopima, uso ukambadilika.

"Sindano anachoma?"

"Kila siku. Namchoma mimi mwenyewe."

"Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji inawaka muda wote?"

Nikafungua simu, nikamwonyesha. Kila siku, kwa saa nane, umeme wa friji ulisoma sifuri.

"Jikoni kuna joto?"

"Bati tupu, dari hakuna."

"Basi dawa inapoa na kupata joto kila siku. Hatuwezi kuiamini tena. Nampa chupa mpya, na daktari amwone sasa hivi. Msizime friji hiyo, dada."

Nilikuwa nimemchoma mama wa watu dawa iliyoharibika, kwa mkono wangu. Hilo halinitoki moyoni.

Jioni nilimwita jirani yetu, fundi umeme tunayemwita Bisibisi. Baba watoto alitaka kuitupa plagi.

"Plagi haina kosa," Bisibisi alisema. "Mmeipa kazi isiyo yake. Iacheni ipime tu."

Akafuta zile saa za kuzima. Baada ya siku mbili akatazama simu. Mota ya friji ilikuwa haipumziki hata kidogo. Akabana karatasi kwenye mlango wa friji, akaivuta. Ikatoka bila kushikwa.

"Mpira wa mlango umechoka. Mnapoza jiko zima!"

Akaweka mpira mpya. Umeme wa friji ukapungua karibu nusu, nayo inawaka usiku na mchana. Kisha akairudisha friji kwenye soketi ya ukutani, mtu asije akaizima kwenye simu kwa bahati mbaya. Plagi janja akaihamishia kwenye televisheni.

"Na pasi je?" nikauliza.

"Weee! Pasi na hita zinavuta umeme mwingi. Plagi ndogo kama hii inaweza kuyeyuka."

Mwenzangu, kabla hujapanga saa za kuzima kitu, fungua uangalie ndani kuna nini na ni cha nani. Usiogope kuonekana mwenye wasiwasi.

Wiki tatu baadaye tulirudi zahanati.

"Sukari imeshuka vizuri," nesi alisema.

"Hebu pima tena," nikamwambia.

Mama mkwe akampa nesi kidole kingine. "Mpimie tu, binti yangu. Huyu asipoona mara mbili, leo nyumbani hatulali."