Figa la Wegesa

Gari lisilo na breki ya mkono halina adabu. Ukiliacha mtelemkoni utalikuta kwenye shamba la mtu. Landrova ya serikali aliyopewa Joram ilikuwa ya namna hiyo, na breki aliiua mwenyewe kwa kuendesha kama anayefukuzwa. Dawa yake ilikuwa jiwe. Akisimama, jiwe chini ya tairi. Akiondoka, jiwe nyuma ya gari.

Alasiri moja, huko Itiryo, Tarime, jiwe lake lilipasuka.

Ulikuwa mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Wapo waliohamisha watu kwa maneno na subira. Joram alihamisha kwa kufoka, akadhani kufoka ndio uongozi. Lilibaki boma moja mlimani. Akihakikisha ni tupu, aende zake. Alikuwa na haraka. Nyumbani kwake Nyansurura, ng'ambo ya Mto Mara, mkewe Felista alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza baada ya kungoja miaka, na Joram hajamtia machoni. Kwenye kiti cha pembeni aliweka sukari na blanketi dogo jipya. Mtu mwenye furaha kama hiyo angekuwa mpole. Yeye wapi!

Bomani alimkuta bibi mmoja, Wegesa. Paa la nyumba yake lilikwisha kushushwa, wanawe wametangulia na mizigo, naye amekaa kando ya mafiga yake matatu akingoja warudi kumchukua. Moto ulikuwa bado unafuka.

Joram hakusema shikamoo. Aliyatazama mafiga, akachagua moja lililokaa vizuri, akalipiga teke likatoka kwenye majivu, akalifunga kwenye gunia.

"Weka hapo," bibi akasema. "Hilo ni la jikoni."

"Jikoni gani, bibi? Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Mama mkwe wangu alipika hapo. Na mama mkwe wake. Wenyewe wako pale." Akaonyesha kwa kidevu makaburi yaliyokuwa karibu na lango la zizi. "Jioni nawamegea kwanza, ndipo sisi tunakula. Ukibeba figa, watakula wapi?"

Joram akacheka.

"Jiwe ni jiwe. Na hao wazee wako wakiona njaa, waambie wapande. Gari ni tupu."

Wegesa akainuka. Kisha akageukia zizi, akasema maneno ya Kikurya, polepole, kama mtu anayeamsha wagonjwa. Alipomaliza akamtazama Joram usoni.

"Wamesikia," akasema.

Joram akatema mate, akawasha gari.

Mlima wa kwanza tu, Landrova ikaanza kuhema. Akapunguza gia. Ikahema. Akaingiza gia ya magurudumu yote manne, kwenye barabara kavu, mchana haujaisha, gari halina hata debe la mahindi! Lilipanda kama limejaa watu mpaka juu ya turubai.

Kisha ikaja harufu. Moshi... ugali wa ulezi... maziwa ya kibuyu.

"Ni hilo jiwe," akajiambia. "Linanuka moshi wa jikoni."

Nyuma yake mtu akakohoa.

Akageuka. Turubai lilikuwa linapepea tu.

Kijijini Nyarero, Joram alisimama dukani kwa Simioni anunue mafuta ya taa. Simioni alitoka na chupa mkononi, akachungulia nyuma ya gari, akatikisa kichwa.

"Joram, una roho gani wewe? Wazee umewatupa nyuma kwenye baridi, na blanketi umelikalisha mbele kama bibi harusi!"

"Wazee gani? Umekunywa?"

"Haya, endelea kuringa." Simioni akampa chupa, akageuka upande wa turubai. "Shikamooni, wazee wangu."

Joram hakungoja kusikia kama kuna aliyeitikia. Aliondoka kwa kishindo. Mwanamume mzima, mbabe wa vikongwe, jasho likimtiririka mpaka kiunoni.

Giza lilimkuta kwenye kivuko cha mawe cha Mto Mara. Maji yalikuwa ya kiangazi, ya kufika nusu ya tairi. Hapo ndipo aliposikia, karibu kabisa na sikio, sauti ya mzee mchovu:

"Mwanangu... bado mbali?"

Joram alikanyaga breki, akaruka chini, akafungua turubai.

Hapakuwa na mtu.

Figa alilolitupa pembeni lilikuwa limesimama katikati ya gari. Gunia lilikuwa limeungua tundu. Akalishika kwa koti, akalibeba mpaka ukingoni, akalirusha mtoni kwa nguvu zake zote.

Tssss...

Mvuke ukapanda juu ya maji.

Akapumua. Basi, yamekwisha. Akarudi garini huku akijichekelea kwa uoga wake, akapita nyuma, akaziona springi.

Zilikuwa bado zimelala kwa uzito.

Alifika Nyansurura watu wakiwa wanakula. Felista alikuwa kando ya moto, mtoto mapajani, chungu cha uji wa mzazi kimefunikwa. Joram akamchukua mtoto. Kasichana, kana nywele nyingi, kanamtazama kama kanamfahamu. Robi, wakamwita.

"Baba Robi," Felista akasema kwa sauti ya chini, "hao wageni wako mbona hawasalimu? Wamenipita tu, wakaingia ndani."

Akafunua chungu ampakulie mumewe. Chungu kilikuwa kikavu, kimerambwa.

Kesho yake fundi Nashoni aliingia chini ya Landrova, akatoka anacheka. "Breki za nyuma zimeganda, ndiyo maana lilikuwa zito. Unaendesha kama mwehu." Kwa habari ya chungu, Nashoni hakuwa na spana.

Maana chungu kiliendelea. Wapike uji, wapike ugali, wakifunua hakuna kitu. Mzazi asipokula, maziwa yatatoka wapi? Robi alinyonya, akalia, akanyonya, akalia. Mbavu zikaanza kuonekana. Felista hakuaga. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwa mama yake.

Huko walikula wakashiba. Mtoto akanenepa. Felista akatuma neno kwa mumewe: "Robi ni mzima. Ukija kumwona, usije nao."

Joram akarudi Tarime, akamtafuta Wegesa kijiji kipya. Safari hii alisema shikamoo, tena kwa kuinama. Adabu ya mwenye shida! Alimkuta amekaa kando ya mafiga yake mawili ya zamani na moja jipya.

"Marahaba. Figa liko wapi?"

"Mtoni, bibi."

Wegesa akakoroga chungu chake kwa muda mrefu.

"Mimi sikuwatuma kwako, mwanangu. Wewe ndiye uliwakaribisha. Hapa jioni simmegei tena mtu. Wamehamia kwako."

"Waambie warudi!"

"Warudi wapi? Nyumba yenyewe iko wapi?"

Tangu hapo, kila kiangazi, waliovuka kivuko kile walimwona mtu mzima amekunja suruali, anainua mawe ya mtoni moja moja na kuyanusa kama ananusa nyama. Mawe ya mtoni yote yananuka mto. Vijana wa ng'ombe wakampigia kelele toka ukingoni: "Joram! Jiwe ni jiwe!" Wengine walimwonea huruma. Huruma ya nini? Angeweza kuokota jiwe njiani. Njia yote ya Itiryo ni mawe.

Robi amekua, anatembea, na baba yake humwona kwa mbali tu, toka upande wa pili wa shamba la wakwe.

Na kila jioni Joram anasonga ugali wa ulezi, sufuria kubwa, ya watu wengi. Anauweka ndani, anatoka, anakaa kwenye jiwe nje ya nyumba yake mwenyewe mpaka mikwaruzo ya sufuria inyamaze. Majirani wanasema kichwa chake kimeharibika. Lakini hakuna jirani anayekubali kuingia mle ndani saa hiyo.

Na jioni akichelewa na kuni, mlango unasogea kidogo... harufu ya maziwa ya kibuyu inatoka... na mzee fulani anauliza, kwa upole kabisa:

"Mwanangu... bado?"