Hodi Magofuni

Haya yalimpata Ornella, jirani yangu hapa Ostia, nami nayasema kama alivyonisimulia.

Mama yake, Settimia, alikuwa amepoteza kumbukumbu. Siku hizo alimwita binti yake "dada", kama mtu asiyemjua. Alasiri moja ya Januari Ornella alimshika mkono, wakaenda kutembea kwenye magofu ya mji wa Warumi wa kale, maana kutembea kulimtuliza. Ukungu ukatanda, giza likaanza kuingia, na hapakusikika kitu ila viatu vyao juu ya mawe.

Mbele ya nyumba iliyobakiwa na kuta za kufika magotini, mama alisimama kizingitini, akainua mkono, akabisha hewani. Ikasikika sauti ya ubao ukigongwa.

"Ornella, nifungulie mwanangu, baridi inaniua."

"Niko hapa, mama." Ornella alianza kulia kwa kusikia jina lake.

Mama hakugeuka. Ng'ambo ya kizingiti, ndani ya ukungu, sauti ya Ornella mwenyewe ikaitika: "Nakuja, mama."

Komeo likavutwa. Mama akauchomoa mkono wake taratibu. "Asante kwa kunisindikiza, dada. Mwanangu huyo keshakuja."

Akaingia. Ornella akauruka ukuta, akakuta nyasi tupu.

Mama hajaonekana tena. Mbwa wa polisi walifuata harufu yake hadi kizingitini, wakaketi. Hawakubweka. Walitazama juu kama mbwa wanaongoja kufunguliwa mlango.