Sanamu ya Tano

“Ni namba tano, Cleopa. Bomu limo kwenye sanamu ya tano!”

Edina aliongea huku anatembea mbiombio barabarani. Nyuma yake Land Cruiser ilikuwa imelala mtaroni, matairi mawili yamepasuliwa na misumari iliyotegwa kwenye kona. Bastola ya Glock anayo kiunoni, darubini ya Zeiss shingoni, simu ya setilaiti mkononi. Jasusi kamili! Ila usafiri hana, na hata bodaboda moja haijapita.

Chini kule ziwa lilimeta. Turubai la sherehe la Mbamba Bay alikuwa analiona kwa macho yake, na kufika asingefika.

Pale walikaa wajumbe wa mkataba wa meli za ziwani, wakisubiri zawadi ya sanamu za shaba. Zilitengenezwa nane tu, kisha msanii akavunja kalibu alilozimiminia. Zote zilikuwa za mwanamke wa kijiji cha Mapera anayeinua jembe.

Mwanamke huyo alikuwa Bi Otilia, mama mzazi wa Edina. Leo ndiye angezigawa.

Asubuhi ile, mtu aliyekamatwa Mbinga alikuwa ametapika yote. Ya tano ni bandia. Namba imepakwa rangi chini ya unyayo. Rimoti anayo Baltazar, dalali wa sanaa, kajichanganya na wageni. Watu wakianza kukimbia, anabonyeza.

Cleopa, mwenzake, alikuwa hapo turubaini akijifanya mhudumu wa soda.

“Edina, namba hazipo.”

“Hazipo vipi?”

“Akina mama wa parokia wamezisugua ziwani. Mchanga na majivu. Wanasema wageni hawapewi vitu vyenye masizi.”

“Mungu wangu!”

Weusi ule msanii aliuweka kwa makusudi. Lakini nani angewaambia wanawake ambao sufuria isipong'aa hawalali? Edina alitaka kulia, akajikuta anacheka peke yake kama kichaa.

“Sasa zikoje?”

“Saba zinang'aa kama tarumbeta za bendi. Moja imetoka kijivu.”

“Shaba haisuguliwi ikawa kijivu. Ndiyo hiyo. Itoe!”

“Baltazar haniondolei macho. Nikiigusa tu, tumekwisha. Wa kuitoa bila kushukiwa ni mmoja.”

Edina alimjua.

“Hapana.”

“Mwenyekiti wa wajumbe ndiyo anasimama, Edina. Zawadi zinafuata.”

“Nimesema hapana! Yule ni mama yangu!”

Upande wa pili makofi yalianza kupigwa.

“Mpe simu,” Edina alisema.

“Haloo?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Uko wapi wewe, watu wote wamefika?”

“Mama, ile ya kijivu ina bomu. Isipozama ziwani mnakufa wote. Na anayewatazama asijue.”



“Umekula, mwanangu?”

“Bado, mama.”

“Haya.”

Kisha sauti ikapanda, ya kugombana: “Nani kasugua hii? Mnataka kuniaibisha mbele ya wageni? Lete hapa, nikaisugue mwenyewe!”

Simu ilirudi kwa Cleopa; Edina aliinua darubini. Nukta ya kitenge ilitoka turubaini, mzigo kichwani, ikishuka polepole kuelekea majini. Polepole mno.

“Kimbia, mama,” alinong'ona. Halafu: “Usikimbie. Jamani, usikimbie.”

Kazi yote aliyosomea, na leo kazi yake ni kutazama.

“Baltazar kasimama,” Cleopa alisema. “Mkono mfukoni.”

Maji ya magoti. Ya kiuno. Ya kifua.

Mzigo ukazama. Na kichwa kikazama nao.

“Cleopa, simwoni!”



“Cleopa!”

Vishindo. Kiti kilianguka. Mtu alipiga kelele.

“Nimemdaka! Alikuwa anabonyeza na kubonyeza. Rimoti haifiki majini.”

“Mama yuko wapi?”

“Subiri.”

Edina alipiga magoti kwenye lami.

“Huyo anatoka. Kalowa chapachapa. Anauliza nani kachukua ndala zake.”

Bodaboda ya kwanza ilipotokea, ilimkuta amesimama, miwani ya jua ya Ray-Ban usoni, shati limechomekwa vizuri.

“Mbamba Bay. Taratibu tu, sina haraka.”

“Dada, umelia?”

“Vumbi.”

Dereva aliitazama lami, nyeusi na safi mpaka ziwani, akawasha pikipiki.