Namba Saba Hakuwa Mwanne

Nyumbani kwa akina Mwanne, mtaa wa Buyenzi, kila siku ilianza kwa kiganja. Kabla ya chai na kabla ya kuvaa sare ya shule, mama yake alimwekea kiganja kwenye paji la uso na kukiacha hapo kwa muda. Kisha alisema, "Haya, alhamdulillahi," na kazi nyingine za nyumbani zikaendelea.

Majirani walimwita mama huyo Mama Twahiru. Twahiru alikuwa kaka yake Mwanne. Malaria ilimchukua wakati wa mvua za mwaka juzi. Kwa desturi, mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hakuna mtu wa mtaani aliyethubutu kulibadilisha jina hilo. Mama mwenyewe pia hakutaka libadilishwe. Lakini tangu msiba ule, kikohozi kimoja kilitosha kumlaza Mwanne kitandani siku nzima. Akipiga chafya, mama alianza kulia. Akisema kichwa kinauma, mama alikaa mlangoni usiku kucha na hakula kitu.

Kwa hiyo Mwanne alikuwa amejifunza kunyamaza.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya mashindano makubwa ya mpira wa miguu ya watoto wa Bujumbura. Mwanne alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyekuwa mshambuliaji wa kikosi cha wasichana cha mtaa wao. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu shule ifunguliwe. Lakini mwili wake ulikuwa na homa tangu juzi yake. Alfajiri alijifungia bafuni, akajimwagia maji ya baridi usoni mara nyingi, mpaka ngozi ikafa ganzi. Alipotoka, kiganja kilikuwa kinamsubiri.

"Mbona baridi hivi?" mama aliuliza.

"Nimenawa, mama."

"Haya, alhamdulillahi. Kunywa chai."

Chai ilimchefua. Alipopewa kisogo, aliimwaga.

Basi la kukodi liliwachukua wachezaji na wazazi mpaka uwanja mpana ulioko upande wa Buterere, karibu na mashamba ya mpunga. Kwa kuwa mafuta yalikuwa shida mjini, mabasi yote yaliyoleta watoto yaliegeshwa hapo, juani, kusubiri jioni. Dereva wao, Népomuscène, alisema wazi kabla hawajashuka: "Mafuta niliyo nayo ni ya kuja na kurudi. Asiniombe mutu kwenda sokoni!"

Walikuwapo watoto wa Musaga, wa Gasenyi, wa Buterere na wa mitaa mingine, pamoja na wazazi wengi kuliko watoto. Mwaka uliopita baba mmoja alikuwa ameingia uwanjani kumfokea mwamuzi. Kwa sababu hiyo, safari hii wazazi waliwekwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya kamba, mbali na wachezaji wa akiba.

Dakika chache kabla ya mechi ya kwanza, Ingrid, rafiki yake Mwanne, alimshika mkono.

"Unatetemeka," alisema.

"Nyamaza. Ni baridi tu."

"Baridi gani, na jua hili?"

"Ingrid, we! Mama akijua, mi sitacheza tena maisha yangu yote. Niapie hutasema."

Ingrid aliapa. Hakutaka, lakini Mwanne alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza.

Mwanne alijaribu kukimbia kidogo, na uwanja ukamzunguka. Akamwendea Kocha Rénovat. "Kocha, nimetegua mguu."

Mwamuzi alikuwa tayari anapuliza filimbi. Kocha hakupata nafasi hata ya kumtazama usoni. "Mpe Ingrid jezi, upesi! Wewe kaa kivulini."

Kikosi kilikuwa na jezi kumi na moja tu. Mchezaji akitoka, alimvulia jezi yule anayeingia. Basi Ingrid akavaa namba saba, na Mwanne akavaa shati la kijani la Ingrid. Wasichana wote wa kikosi walikuwa wamenyolewa nywele, kama kawaida ya wanafunzi. Ukiwatazama kutoka ng'ambo, walikuwa vichwa vidogo tu na namba mgongoni.

Nyuma ya kamba, Mama Twahiru aliitafuta namba saba. Alipoiona inakimbia, alitulia.

"Wako yumo," alisema Odette, mama yake Ingrid, kwa sauti ya kinyonge. "Wangu nadhani anachunga chupa za maji."

"Atapata zamu yake, Mama Ingrid."

"Zamu! Mwaka jana pia alichunga chupa."

Mzazi mmoja alikuwa anamfokea mwamuzi: "Refa! Umesahau miwani nyumbani?" Mwingine akawatania wazazi wa Musaga: "Nyinyi mumekuja kucheza au kupunga upepo?" Akajibiwa: "Subirini! Mtalia mpaka Buyenzi!" Na Mama Twahiru, ambaye tangu msiba hakuwa amepaza sauti hadharani, alijikuta anaita, "Saba! Saba, songa mbele!"

Namba saba akasonga mbele. Akampita beki mmoja, akapiga, na mpira ukaingia. Mama Twahiru alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa koo. Odette alimkumbatia. Wanawake wa Buyenzi wakacheza nyuma ya kamba, na yeye akacheza nao.

Mechi ilipokwisha, wachezaji waliruhusiwa kuwaendea wazazi wao. Namba saba alikuja mbio huku amenyoosha mikono. Mama Twahiru naye alifungua mikono yake. Mtoto akampita, akamrukia Odette.

"Mama! Umeniona?"

Odette alishangaa, kisha akacheka kwa furaha. "Ni wewe? Ni wewe uliyefunga?"

Mama Twahiru alibaki na mikono wazi. "Ingrid," alisema taratibu, "Mwanne yuko wapi?"

Furaha ya Ingrid ilizimika. Alitazama chini. "Anapumzika. Ametegua mguu."

"Wapi?"

"Kivulini. Kocha alimwambia akae kivulini."

Walikwenda penye wachezaji wa akiba. Hakuwapo. Walikwenda kwenye hema la huduma ya kwanza, wakauliza kama ameletwa mtoto mwenye mguu ulioteguka. Hakuna. Kocha Rénovat alianza kuhema. Alikimbia chini ya kila mti, nyuma ya vyoo, penye vivuli vya vibanda. Kila aliyeulizwa kama ameona mtoto anayechechemea alijibu hapana. Kumbe Mwanne hakuwa anachechemea.

Mtangazaji alipewa habari, naye, akisoma namba kwenye orodha ya wachezaji, akaita kwa kipaza sauti: "Tunamtafuta Mwanne wa Buyenzi, mtoto wa kike, jezi namba saba! Aje kwenye meza ya waamuzi!"

Punde wakaja wasichana watatu wenye namba saba mgongoni: mmoja wa Gasenyi, mmoja wa Musaga, mmoja wa Buterere. Mama Twahiru alimgeuza kila mmoja na kumtazama usoni, kisha akamwachilia.

"Mi nimefanya kosa gani?" aliuliza yule wa Buterere, machozi yakimlengalenga.

"Hakuna, mwanangu. Nenda."

Jua lilikuwa kali. Mechi nyingine zilikuwa zimeanza, na vigelegele vya wazazi wengine vilipasua hewa kana kwamba hakuna lililotokea. Mama Twahiru alizunguka katikati ya umati akiita jina la mwanawe. Baadhi ya watu walimpisha, baadhi walimkasirikia kwa kuwaziba macho. Alianza kuwashika watoto wa watu mabega. Mwishowe akakaa chini kwenye vumbi. Hakulia. Alisema tu, kama anayeongea na mtu aliye karibu yake sana, "Ya Rabi, si wa pili. Nakuomba, si wa pili."

Ingrid alikuwa amesimama hapo, bado na jezi namba saba. Alikuwa ameapa. Lakini alimtazama yule mama aliyekaa vumbini, na kiapo kikamshinda kukibeba.

"Si mguu," alisema.

Odette alimgeukia. "Umesema nini?"

"Si mguu, mama. Ana homa. Ana homa tangu juzi. Aliniapisha nisiseme. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Amevaa shati langu la kijani." Akaanza kulia. "Alisema anasikia baridi sana."

Mama Twahiru aliinua kichwa. "Baridi?"

"Ndiyo."

Akasimama. Twahiru naye, siku zile, alikuwa ameburuta mkeka wake mchana kweupe mpaka ukutani, mahali jua lilipochoma, akajifunika blanketi, na bado akasema anaganda.

"Tumetafuta vivulini," alisema. "Mtoto mwenye baridi ya malaria haendi kivulini. Anatafuta joto. Hapa penye joto kupita pote ni wapi?"

Kocha Rénovat alitazama kule mabasi yalikoegeshwa juani. Wote walikimbia.

Basi lao lilikuwa limefungwa, vioo vyote vimepandishwa. Mechi ilipokwisha kuanza, Népomuscène alikuwa amelifunga ili mabegi yasiibwe, akaenda kutazama mpira. Mama Twahiru aliweka uso kwenye kioo. Kwenye sakafu, kati ya viti vya nyuma, chini ya rundo la mabegi na masweta, aliona kipande cha kitambaa cha kijani. Alipiga kioo kwa viganja. "Mwanne! Mwanne!" Kile kitambaa hakikutikisika.

"Dereva! Mtafuteni dereva!" Odette alipiga kelele.

Mama Twahiru hakungoja. Aliokota jiwe, akalipiga dirisha mara moja, na mara ya pili kioo kikamwagika. Kocha aliingiza mkono, akafungua mlango. Joto lililotoka ndani lilikuwa kama la tanuri la mkate.

Népomuscène alikuja mbio, anafoka. "Apana! Apana! Nani amevunja gari yangu? Muna wazimu?"

Kisha akaona kilichobebwa mikononi mwa kocha, akanyamaza. Macho ya Mwanne yalikuwa nusu wazi lakini hayakumwona mtu. Midomo ilikuwa imepasuka. Mama yake alimwita, naye akajibu maneno yasiyoeleweka.

"Sikumuona," Népomuscène alisema. "Wallahi, sikumuona. Alikuwa chini ya mabegi."

"Tupeleke hospitali," mama alisema.

Dereva alitazama basi, kisha wachezaji na wazazi waliokuwa wamekusanyika. "Nikikwenda hospitali, mafuta ya kuwarudisha hawa yatakwisha."

"Tutatembea!" Odette alisema. "Nenda, bwana! Tuna miguu."

"Tutatembea," wazazi wengine walisema.

Odette na Ingrid tu ndio waliopanda pamoja na Mama Twahiru. Njia nzima Odette alimpepea Mwanne kwa kanga na kumlowesha kwa maji ya chupa za wachezaji, zile zile alizodhani binti yake anazichunga. Mama Twahiru alimshika mwanawe kifuani. Ingrid alikaa kiti cha mbele, akitazama kioo kilichovunjika, huku akimsikiliza Mwanne akipumua, akiogopa kusikia pumzi inayofuata haiji.

Hospitalini walimchoma sindano na kumwekea maji mshipani. Muuguzi aliyeitwa Adélaïde alimtoa mama nje kwa upole, akamwambia ukweli: malaria ilikuwa imepanda kichwani, na joto la ndani ya basi lilikuwa limemkausha. "Mngechelewa kidogo tu, tusingekuwa tunaongea hivi. Tusubiri. Siwezi kukuahidi kitu."

Walisubiri. Baba yake Mwanne, fundi Massoudi, alifika na ovaroli yenye grisi, akakaa karibu na mkewe. Odette alipelekewa habari kwamba wazazi wote wamefika Buyenzi kwa miguu, na kwamba mechi ya mchana watoto walifungwa mbili bila. Hakuna aliyejali.

Kesho yake, jua lilipokuwa limeshapanda, Mwanne alifungua macho, na safari hii yaliona.

"Mama," alisema. "Tulishinda?"

Mama alimshika mkono. "Ya kwanza mlishinda. Ingrid alifunga."

Ingrid alikuwa mlangoni. "Nimevunja kiapo," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

Adélaïde, aliyekuwa akipima joto, ndiye aliyemjibu. "Kiapo cha kumficha mgonjwa hakimfungi mtu, binti. Angalia rafiki yako. Yu hai kwa sababu ulisema. Siku nyingine sema mapema zaidi, kabla mama wa mtu hajakaa vumbini."

Mwanne aligeuka ukutani. "Niliogopa utanikataza mpira. Na niliogopa utalia, mama. Ukilia, naona kama mimi ndiye ninayekuua."

Massoudi alitazama sakafu. Mama Twahiru alivuta kiti karibu na kitanda.

"Nisikilize, Mwanne," alisema. "Ulisema umetegua mguu, tukatafuta mtoto anayechechemea. Tulikutafuta kivulini, nawe ulikuwa juani. Mimi mwenyewe nilimpigia vigelegele mtoto mwingine nikidhani ni wewe. Huo ndio ubaya wa uongo. Unawatuma wanaokupenda mahali usipokuwepo. Ukiniambia ukweli, hata ukiwa mchungu, najua pa kukukuta." Alimvutia shuka mabegani. "Na mimi nina langu la kujifunza. Nilikufanya uogope uso wangu kuliko homa. Twahiru amekwenda, na nitamlilia. Lakini si kila chafya yako ni Twahiru. Ukipona, utacheza. Ukiumwa, utasema, na tutakwenda kupima, basi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mama."

Nje, watu walikuwa wanasogea kwenye foleni ya vipimo. Mwanne alilala kidogo akitazama dari, kisha akavuta pumzi, kama mtu anayekaribia kupiga penalti.

"Mama," alisema, "kichwa bado kinauma. Sana."

Uso wa mama ulibadilika. Lakini hakulia. Alisema, "Asante kwa kuniambia," akainuka na kwenda kumwita Adélaïde.