Betri ya Chumba cha Dawa

Kila asubuhi kabla ya shule, Apolinaria, binti wa mtaa wa Cheyo, alifagia chumba cha dawa cha baba yake Alois, mganga msaidizi. Mezani palikuwa na mtungi wa kioo wenye maji ya uvuguvugu, magadi, spiriti na chumvi ya iodini. Alois alitumbukiza humo vijiti viwili vya kaboni, akaviunganisha na betri ya lori, na taratibu unga wa njano ukatuama chini. Unga huo uliitwa iodofomu. Ulizuia vidonda visioze.

"Dawa ya meli huchelewa miezi," alisema Alois. "Hapa umeme ndio mpishi. Na maji haya hatumwagi, chumvi iliyobaki tutaitumia tena."

Mwaka 1953 babu Masele, mrina asali wa kijiji cha Ntalikwa, alijikata mguu kwa shoka akichonga mzinga, akaletwa kwa Alois, akalazwa hapo. Alois aliitwa Nzega kwa siku nne. Alimwachia bintiye kazi ya kutengeneza unga na kumfunga babu kidonda.

Jioni ile shangazi Veneranda alikuja na redio isiyo na betri. Apolinaria akaiunganisha na ile ya lori. Wakasikiliza salamu na muziki weee, mpaka betri ikafa.

Kesho yake mtungini hapakuwa na unga. Karakana ya reli walikuwa wakichaji betri za watu, lakini wangemuuliza imeishaje. Basi mtoto huyu, mwenye akili zake timamu, akachota binzari ya njano jikoni, akampaka babu kidondani! Wanawake wa mjini huipaka usoni, akajidanganya kuwa haina madhara.

"Mjukuu wangu, mbona leo hainuki kama hospitali?"

"Ni mpya, babu."

"Haya, wewe ndiye unayejua." Mzee akanyoosha mguu.

Alois aliporudi, harufu ya kuoza ilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Alipita moja kwa moja hadi kwa babu. Alifungua bendeji, akamtazama bintiye, naye akasema yote huku akilia. Hospitalini babu alikatwa vidole vyote vya mguu ule.

Alipopona alimpa Alois kamba yake ya kupandia miti. "Itafutie mtu mwingine. Mizinga yangu kumi na miwili bado iko juu."

Apolinaria alipiga magoti. "Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe, mama. Lakini sitapanda tena."

Alois alimnyanyua binti yake. "Betri imechajiwa kwa siku moja tu. Ungesema kweli ningekufokea, yakaisha, na babu yako angekuwa mtini leo. Kuiua betri lilikuwa kosa dogo. Kulificha ndiko kulikomkata babu yako vidole."

Kisha akamkabidhi nyaya. "Unganisha. Wagonjwa wanangoja."